Prado ya 1KZ "iliyochemsha mara moja tu": ukague nini kabla ya kulipa

Swali: Shikamoo fundi. Niko Iringa, nafanya biashara ya parachichi, kwa hiyo karibu kila wiki naenda Njombe na kurudi na mzigo. Nimepata Prado ya mwaka 1998, injini ya 1KZ-TE, gia otomatiki. Bei yake iko chini kuliko nyingine zote nilizoziona. Mwenye gari hakuficha: alisema liliwahi kuchemsha mara moja, akabadilisha rejeta, na tangu hapo halijamsumbua. Fundi wangu alichomoa kijiti cha oili akakuta oili safi, haina maziwa. Tukalizungusha mjini kama nusu saa, mshale wa temperecha ukabaki katikati. Nimelipenda. Nilipe, au kuna kitu hatujakiona?

Jibu: Marahaba, dada. Usilipe kwanza.

Sisemi gari ni bovu. Nasema majaribio mawili mliyoyafanya, la oili na la kuzunguka mjini, hayajibu swali lenyewe. Ninyi mlikuwa mnaangalia kama gari linachemsha. Kwa 1KZ iliyokwisha kuchemsha, cha kutafuta ni kama hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ilitoka salama siku ile. Hayo ni mambo mawili. Rejeta mpya inaweza kuisitiri hedi iliyopasuka kwa miezi kadhaa, mradi gari linatembea tupu, barabara ni tambarare, na mwenye nalo anaongeza maji kila asubuhi bila kumwambia mtu. Siku utakapolipakia kreti za parachichi ukaanza kupanda milima ndipo litakaposema ukweli, na wakati huo kadi itakuwa na jina lako.

Kwanza ijue injini yenyewe. 1KZ-TE ni dizeli ya lita 3, silinda nne, yenye turbo. Bloku yake ni ya chuma, hedi yake ni ya alumini. Mafuta hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni; yanaanza kuwaka ndani ya chemba ndogo zilizomo kwenye hedi, halafu moto ndio unashuka kwenye silinda. Maana yake hedi inabeba joto kali kuliko hedi ya dizeli za siku hizi, na alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma ya bloku iliyo chini yake. Maji yakikosekana hata kwa dakika chache, hedi hupinda au hupasuka, na ufa mara nyingi huanzia kati ya valvu au pembeni mwa zile chemba. Mafundi wote wanaoshika Prado na Surf za miaka ile wanaujua ugonjwa huu. Mwaka 2000 Toyota walianza kuiacha 1KZ kwenye Prado wakaleta 1KD. Hata hivyo 1KZ si injini mbaya. Inavuta, haichagui sana mafuta, na isipochemshwa inakaa miaka. Ila neno "ilichemsha mara moja" kwenye injini hii lina uzito kuliko lingekuwa nalo kwenye injini nyingine nyingi, na bila shaka ndilo lililoishusha hiyo bei.

Sasa hiyo oili safi. Watu wengi wamefundishwa kwamba hedi ikipasuka au gasketi iliyo kati yake na bloku ikiungua, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hutokea, ndiyo, lakini kwenye 1KZ ufa mara nyingi hauunganishi njia ya maji na njia ya oili. Unaunganisha maji na chumba cha moto. Mafuta yanapolipuka, presha ndani ya silinda inapita ile ya mfumo wa maji mara nyingi mno, kwa hiyo kinachopita kwenye ufa ni gesi ya moto kuingia kwenye maji. Oili haiguswi kabisa. Gesi inajaa kwenye njia za maji, inayasukuma yatoke kupitia chupa ya akiba, maji yanapungua, na gari linachemsha. Oili yenye maziwa ni ushahidi wa ubovu. Oili safi si ushahidi wa uzima.

Na mshale? Mshale wa temperecha kwenye Toyota umetengenezwa usimtie dereva wasiwasi. Joto la maji linaweza kupanda kutoka nyuzi 80 na kitu hadi kukaribia 100 na usiuone ukijongea, na ukianza kupanda ujue mambo yameshaharibika. Kuna baya zaidi: sensa yake inasoma maji. Maji yakiisha pale ilipo, inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaungua. Dereva anayeona mshale unashuka ghafla katikati ya mlima akafurahi, huyo ndiye anayeniletea hedi gereji.

Rudi kwa mwenye gari, umwombe kitu kimoja tu: gari lisiwashwe siku hiyo mpaka ufike. Nenda asubuhi. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, fungua boneti uweke kiganja juu ya injini. Ikiwa ya vuguvugu, mtu amekutangulia, na hapo ahirisha kwa upole, "nitarudi kesho." Injini ya moto inaficha karibu kila kitu nitakachokueleza hapa. Akikataa mara ya pili kukuachia gari la baridi, hutahitaji kusoma zaidi ya hapo.

Wakati boneti iko juu, usiangalie injini tu. Angalia upande wa ndani wa boneti yenyewe, juu ya rejeta: michirizi mikavu ya rangi ya kutu ni maji yaliyoruka siku moja au nyingi. Angalia mahali hedi inapokaa juu ya bloku. Kukiwa na silikoni mpya inayochungulia, boliti zenye makovu ya spana, au injini imeoshwa ikang'aa huku chasi ina vumbi la mwaka mzima, uliza kwa nini. Kisha fungua mlango wa nyuma. Dumu la maji la lita tano lililokaa pembeni ya spea, lina alama za kutumika, na kifuniko chake kimechakaa, lina mengi ya kusema kuliko dalali.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Narudia, baridi kabisa. Cha moto hakifunguliwi, maji yatakurukia usoni kama soda iliyotikiswa. Maji yawe yamefika mdomoni. Yakiwa yamepungua na chupa ya akiba imejaa, kumbuka hilo, nitalirudia. Chovya kidole. Kulanti nzuri, yaani maji ya dawa ya kupoozea injini, ina rangi iliyo wazi, nyekundu au kijani, na inateleza kidogo. Maji ya kahawia yenye kutu yanaonyesha kwamba kwa miaka humu limewekwa maji ya bomba, na njia ndogo ndani ya injini huenda zimeziba hata kama rejeta ni mpya. Ukiona chembechembe zinazomeremeta, au tope zito lililoganda chini ya shingo ya rejeta, mtu amemimina dawa ya kuziba uvujaji. Anayemwaga dawa ile kwenye gari analotaka kuliuza alikuwa anatafuta wiki chache tu. Ukiona mafuta yanaelea juu, funga boneti.

Kagua na kifuniko chenyewe. Kimeandikwa presha yake juu, mara nyingi 0.9 au 1.1. Mpira wake usiwe umekauka wala kupasuka, na ile valvu ndogo ya katikati ivutike na kurudi. Kitu hiki ni cha bei ndogo na kinadharauliwa, lakini kwako wewe wa nyanda za juu kina maana kubwa. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, yanachemka karibu na 95, na Njombe hata chini ya hapo. Kifuniko kizima kinaongeza presha na kukisogeza kiwango hicho mpaka juu ya 110. Kifuniko kibovu kinakuacha na zile 95, ambazo injini iliyobeba mzigo inazifikia bila kuwa na ugonjwa wowote. Nimeona watu wamefungua hedi nzima kwa sababu ya kifuniko.

Sasa jaribio lenyewe, na hapa usiwe na haraka. Rejeta ijazwe mpaka mdomoni, kifuniko kibaki nje, mtu mwingine awashe gari, wewe uwe unachungulia yale maji. Wakati injini inajizungusha kabla ya kushika, maji yasirushwe juu. Ikishashika, utaona labda viputo vichache vya hewa iliyokuwa imenaswa, kisha maji yanatulia, mtikisiko mdogo tu. Gari likiwa na ufa, viputo havikomi. Vinapanda vidogovidogo mfululizo, kama kuna mtu anapuliza mrija kule chini, na mwenzako akikanyaga mafuta kidogo vinaongezeka papo hapo. Hilo la kuongezeka ndilo linalotenganisha gesi na hewa ya kawaida. Hewa iliyonaswa huisha. Gesi inafuata mafuta: ukikanyaga inakuja, ukiachia inapungua. Maji yakianza kupanda na kumwagika injini ikiwa bado ya baridi, jibu umelipata.

Zima, liache lipoe kama limeanza kupata moto, funga kifuniko, washa tena. Shika mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda rejeta, uuminye mara kwa mara ndani ya dakika mbili za mwanzo. Presha ya kawaida inatokana na maji kupata moto na kutanuka, kwa hiyo inakuja polepole, pamoja na joto. Mpira ukiwa mgumu kama tairi wakati bado ni wa baridi mkononi, hakuna kingine kilichouvimbisha ila gesi ya silinda. Kwa mtu asiye na kifaa chochote nalipenda jaribio hili kuliko yote, kwa sababu hata muuzaji mjanja vipi hawezi kulipaka rangi.

Sikiliza pia namna gari lilivyowaka. Likitetemeka na kukosa silinda moja kwa sekunde kadhaa, kisha likakaa sawa huku linatoa moshi mweupe, huenda maji yamejipenyeza kwenye silinda hiyo usiku kucha. Lakini usiwahi kuhukumu: dizeli yenye plagi za moto zilizochoka nayo hutoa moshi mweupe asubuhi, hasa baridi ya Iringa. Moshi wa mafuta yasiyoungua unawasha macho na unanuka dizeli. Wa kulanti una harufu tamutamu. Wa maji matupu hauna harufu ya maana, na unaendelea hata injini ikishapata moto.

Feni ya 1KZ haiendeshwi na umeme. Inazungushwa na belti kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayokaza joto linapopanda. Injini ikiwa imezimwa, na ufunguo uko mfukoni mwako, izungushe kwa mkono. Inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka yenyewe raundi nyingi kama pangaboi, klachi imekufa. Ukiona imechomelewa au imepigwa boliti isiteleze, au imeondolewa ikawekwa feni ya umeme ya gari dogo, mtu alikuwa anapambana na joto. Halafu tazama kama kava la plastiki linaloizunguka feni bado lipo. Mafundi wengi hulitoa ili wafikie kazi kirahisi, kisha hawalirudishi. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya kwenye injini, haivuti kupitia rejeta. Kosa hilo dogo peke yake linatosha kuchemsha gari kwenye foleni.

Kuhusu themostati ni lazima nigombane kidogo na wenzangu. Kuna imani gereji nyingi kwamba huku kwetu kuna joto, themostati ni ya Wazungu, itolewe. Kwanza, Iringa hakuna joto. Pili, kwenye injini nyingi za Toyota themostati inafanya kazi mbili: inafungua njia ya kwenda rejeta na inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haiendi rejeta kabisa, na ukipanda mlima joto linapanda badala ya kushuka. Utaijua haipo kwa namna gari linavyopata moto: kwa kawaida mpira wa juu unakaa wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha unapata moto kwa ghafla themostati inapofunguka. Ikiwa imetolewa, mpira unaanza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, na mshale unachelewa sana kufika katikati au haufiki. Themostati iliyotolewa kwenye gari "lililochemsha mara moja" inamaanisha halikuchemsha mara moja. Hakuna anayeitoa kwa sababu ya siku moja.

Ukiridhika mpaka hapo, ndipo uende barabarani, wala si kuzunguka mjini. Kabla ya kuondoka, rejeta iwe imejaa, na uweke alama kwa kalamu ya wino mzito au kipande cha utepe kwenye chupa ya akiba, pale maji yalipo. Washa AC. Muuzaji akikwambia uizime "ili gari livute vizuri", iache iwake. Shuka mpaka Ipogolo, geuza, panda kurudi mjini. Mlima ule ni mfupi, lakini ni mkali na unafaa kwa kuanzia. Kipimo cha kweli kwa upande wenu ni Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Kama mwenye gari anakubali na unamwekea mafuta, mwende mpaka chini kabisa, mpumzike, mpande na watu wanne au mzigo wa uzito huo nyuma. Gari la kwenda Njombe na parachichi lazima liweze kupanda mlima kama Kitonga bila kulalamika. Lisipoweza, afadhali ulijue likiwa bado la mwenyewe.

Angalia ni wapi joto linapopanda, kwa sababu mahali pake panataja ugonjwa. Likipanda gari limesimama au liko kwenye foleni, kisha linashuka ukianza kutembea, tatizo ni upepo: feni, klachi yake, kava, au nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta iliyojaa mbegu za nyasi na vumbi. Hayo yanatibika kwa pesa ya kawaida. Likikaa vizuri kwenye foleni halafu linapanda kwenye mlima au mwendo mkubwa, maji hayatembei ya kutosha au gesi inaingia: rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyokula mapanga yake, themostati, au hedi. Ukiona joto linapanda, washa hita ya ndani ya gari mpaka mwisho. Ikipuliza moto mkali, maji bado yanazunguka. Ikipuliza baridi wakati mshale uko juu, maji yameisha pale juu. Simama kando ya barabara, zima injini, usifungue kitu.

Ukiweza kuazima kipimajoto cha kulenga kwa mwanga, kile cha bastola, chukua nacho. Mkirudi, kilenge mahali maji yanapotokea kwenye injini, kisha ukipitishe kwenye uso wa rejeta kutoka upande maji yanapoingilia kwenda upande wa pili. Joto linatakiwa lishuke kidogo kidogo. Ukikuta kipande katikati ni cha baridi peke yake, mirija ya hapo imeziba. Na rejeta "mpya" iliyoziba si mpya.

Usiondoke mara tu mnaporudi. Acha injini iungurume dakika tano, zima, subiri kama dakika kumi, huo ndio wakati chuma inarudisha joto kwenye maji yaliyosimama. Sikiliza. Sauti ya kugugumia kwenye mipira au kwenye hita nyuma ya dashibodi ni hewa au gesi mahali pasipotakiwa. Tazama chupa ya akiba: maji kupanda kidogo juu ya alama yako ni kawaida, kutema viputo si kawaida.

Halafu gari lilale. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosa subira, na hapa ndipo gari lililopoozwa kijanja linapojulikana. Gari zima likipoa usiku, maji yanasinyaa, na rejeta inanyonya yale yaliyokwenda kwenye chupa. Asubuhi chupa inarudi kwenye alama na rejeta imejaa mdomoni. Gari lenye ufa linakuwa limejaza gesi mahali pa maji. Asubuhi unakuta chupa imejaa, au imemwagika, na rejeta imepungua. Mwenye gari atakuonyesha chupa, "unaona, maji yapo." Wewe fungua rejeta. Pia, kabla ya kukifungua kifuniko, minya ule mpira wa juu. Ukiwa bado mgumu baada ya usiku mzima, presha iliyomo haikutokana na joto, maana joto lilishaondoka. Chupa kujaa peke yake kunaweza pia kusababishwa na valvu mbovu ya kifuniko au kampira kadogo ka kutoka rejeta kwenda chupa kaliko na tundu, kwa hiyo badilisha kifuniko na ukapime tena kabla ya kuhukumu.

Vifaa viwili vinastahili kutafutwa, hata kama itabidi umlipe fundi wa mbali kidogo. Cha kwanza ni pampu ya kupima presha ya rejeta. Inafungwa mahali pa kifuniko, unapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha unakaa robo saa. Mshale wa pampu usishuke. Ukishuka na chini ya gari ni pakavu, maji yanaingia ndani. Cha pili ni kile kichupa chenye dawa ya bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kuvuta hewa yake. Hewa hiyo ikiwa na gesi ya moshi, bluu inageuka kijani au njano. Kwenye petroli kinajibu haraka. Kwenye dizeli kuna mtego ambao mafundi wengi hawaujui: dizeli ikiunguruma taratibu inatumia hewa nyingi na mafuta kidogo, moshi wake ni mwepesi, na dawa inaweza kubaki bluu huku ufa upo. Kwa hiyo pima gari likitoka mlimani, likishapoa kiasi cha kufunguka salama, na injini ikipandishwa mzunguko wakati wa kupima. Maji yapunguzwe kidogo yasinyonywe kwenye kichupa, yataharibu dawa. Bluu ya dakika moja gari likiwa limesimama kivulini isikupe usingizi.

Usimwamini mtu mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani atakayekuambia kompyuta haina kosa. Ufa hauna namba ya kosa kwenye kompyuta, na Prado za 1KZ za miaka hiyo kutoka Japani hazikutengenezwa zisomwe na vile vifaa vya bei rahisi.

Kwa kuwa lako ni otomatiki, kuna kitu cha ziada. Mafuta ya gia yanapoozwa kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya rejeta. Rejeta ya zamani ikioza kati ya maji na mafuta, vinachanganyika. Chomoa kijiti cha gia: mafuta yawe mekundu yaliyo wazi. Yakiwa ya waridi mazito kama maziwa ya stroberi, gia nayo imekunywa maji, na kubadilisha rejeta hakujaiponya. Inawezekana kabisa ndiyo sababu rejeta ilibadilishwa.

Baada ya hapo kaa na mwenye gari mzungumze, bila ukali. Muulize siku ile lilichemsha wapi, alitembea nalo umbali gani baada ya mshale kupanda, na nani alilitengeneza. Muulize kama hedi ilifunguliwa. Akisema haikufunguliwa, rejeta tu, basi hakuna aliyeikagua hedi hiyo, na kazi hiyo ndiyo unayoifanya wewe sasa. Akisema ilifunguliwa, omba risiti ya karakana ya mashine iliyoipima na kuisawazisha, na uongee na fundi mwenyewe kwa simu. Muulize fundi alichagua gasketi ya unene gani. Za 1KZ zinatoka na unene tofauti, na aliyefanya kazi vizuri atakumbuka kwamba alipima pistoni kabla ya kununua. Aliyefunga yoyote iliyokuwapo dukani atakujibu kwa kukasirika.

Kuhusu uamuzi, mimi naugawa hivi. Kifuniko, belti, mipira, themostati, klachi ya feni, hata pampu ya maji, ni sababu za kupunguziwa bei tu. Viputo visivyokoma, mpira unaovimba ukiwa wa baridi, rejeta inayopungua usiku huku chupa imejaa, au dawa ya bluu iliyobadilika: hapo usinunue kwa bei yoyote ya gari zima. Kama bado unalitaka, kwanza nenda dukani uulize bei ya hedi mpya, seti ya gasketi na boliti, kisha bei ya karakana na ya fundi, ujumlishe, na hesabu hiyo yote itoke kwenye bei ya muuzaji. Usikubali "tutalichomelea." Hedi za 1KZ zilizochomelewa zipo barabarani, na chache hudumu, lakini si kwa mtu anayepanda milima na mzigo kila wiki. Na kama dalili zimechanganyika, moja inasema ndiyo na nyingine hapana, basi mwachie gari lake. Prado za 1998 bado zipo sokoni.

Likipita yote hayo, lichukue, lakini lisiende Njombe wiki hiyo hiyo. Mfumo wa maji usafishwe mpaka yatoke maangavu, iwekwe kulanti nusu kwa nusu na maji safi, themostati mpya, kifuniko kipya, na kava la feni kama halipo. Kisha mtafute fundi umeme akufungie kengele ya joto inayosoma chuma, vile vidude vyenye sensa ya pete na namba ndogo kwenye dashibodi. Mwambie pete aifunge kwenye boliti iliyo kwenye hedi yenyewe, si kwenye mpira wa maji.